Sauti ya Gervas Sokoni Kibondo

Editha, mke wa Gervas, alinipigia simu mwenyewe, na hakunisalimia. "Gervas amefariki asubuhi hii," alisema. "Najua hutalia. Mazishi ni kesho, huku kwetu Heru Juu. Njoo tu." Akakata. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele cha Noah ya mteja, bisibisi mkononi, nikasubiri kuona moyo wangu utasema nini. Watu husema adui akifa, kinyongo nacho huzikwa. Changu hakikutikisika. Kilikaa palepale kilipokaa miaka yote, kama mgeni aliyekwisha kuzoea nyumba hata anajua chumvi inawekwa wapi. Nilimwambia mteja afuate gari lake keshokutwa, nikaenda kutafuta kitenge cha msibani, na jioni yote nikawa naufikiria ule mwaka mmoja, kuanzia msako wa wahamiaji wa 2013 hadi mavuno ya maharage ya mwaka uliofuata. Nimeishi miaka mingine mingi, mingine yenye neema, lakini ni ule ulionifinyanga.

Wakati huo nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, fundi wa redio za magari katika duka la Mzee Hamisi, karibu na stendi ya Kasulu. Habari za ukoo wangu naziruka, kwa sababu mwaka ule zilisemwa na watu wengi mno wasiohusika. Nitasema habari za chumba. Nyuma ya duka palikuwa na chumba kirefu chenye dirisha moja, kimejaa harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya na vumbi jekundu lililoingia hata ukifunga mlango. Mchana tulikula humo humo, juu ya boksi la sabufa lililogeuzwa meza: ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na siku za neema, samaki wa migebuka. Mzee Hamisi, mtu wa Tanga aliyekuja Kasulu kijana akazeekea hapo, alikula nasi, kanzu kaipandisha magotini, akilalamika kwamba Waha hatujui nazi. Gervas alikaa upande wa dirisha. Alikuwa fundi mkubwa, kanizidi miaka kama kumi, na ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha moto, kupitisha waya chini ya kapeti bila kuukunja, kufunga spika mlangoni isigombane na kioo. Hilo simnyimi. Mikono yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Lakini kufunga muziki ni nusu ya kazi. Gari likishafungwa spika mpya na amplifaya mpya, bado halijaimba. Linapiga kelele tu. Gervas aliamini muziki ni kishindo. Alizungusha vitufe vyote mpaka mwisho, akapiga boneti kwa kiganja, akasema, "Chukua gari lako, bosi, mji mzima utakujua." Mimi nilianza na ukimya. Niliwasha injini bila wimbo nikasikiliza kama kuna mluzi unaopanda na kushuka na injini, maana mluzi huo ni waya wa ethi ulioshikizwa kwenye rangi badala ya chuma. Kisha sikuweka wimbo, niliweka sauti ya mtu. Wimbo unaweza kukudanganya. Hujui mwimbaji alitaka besi kiasi gani. Ila sauti ya mtu akizungumza kila mwenye masikio anaijua. Nilikuwa nimemrekodi Mzee Hamisi kwenye simu akisema maneno ya kawaida, karibuni dukani, habari za asubuhi, na nilipunguza huku na kuongeza kule mpaka Mzee akawa kama amekaa nasi ndani ya gari. Wateja walicheka. Baadaye wakaanza kusema mlangoni, Gervas akisikia, "Afunge yeyote, lakini yule binti ndiye aseti."

Siku moja tunakula, Mzee Hamisi akanawa mikono akasema anafungua duka la pili Kibondo, na atakayelishika ni Leokadia. Nilishikwa na aibu nikaangalia ugali. Gervas alimega tonge, akalichovya taratibu, akalila lote ndipo akaongea. "Hongera, dada'angu," alisema. "Umelistahili." Alitabasamu. Nimelirudia tabasamu lile kichwani mara nyingi kutafuta ufa, na ukweli ni kwamba halikuwa na ufa. Lilikuwa tabasamu zuri.

Wiki chache baadaye msako wa wahamiaji ukashika kasi. Mnaoishi mbali mlisikia redioni. Sisi tuliusikia mlangoni. Mimi nilikuwa ndani ya gari la mwalimu mmoja, kichwa chini ya dashibodi, nikitafuta fyuzi. Nikasikia mtu anauliza, "Leokadia ni nani hapa? Yule Mrundi?" Kabla sijainuka, nilishikwa miguu nikavutwa nje, sketi ikapanda, watu wa stendi wanatazama. Nikasema mimi ni Mtanzania, vyeti viko nyumbani. Nikamwangalia Gervas, aliyekuwa amesimama mlangoni anafuta mikono kwa kitambaa. "Gervas, waambie. Miaka minne tuko wote." Akaendelea kufuta kidole kimoja kimoja. "Mimi sijui kwao ni wapi," akasema. Mzee Hamisi alikuwa amekwenda msikitini.

Askari walitupeleka, mimi na wengine waliokamatwa, kwenye uwanja wenye banda la mabati, karibu na mpaka. Usiku baridi ya milima iliingia kwenye mifupa, mchana mabati yalituchemsha. Niliyekaa karibu naye alikuwa mzee wa Kibondo, fundi baiskeli, jina lake Yohana. Alikuwa na mfuniko wa sufuria aliougeuza sahani, na maharage yakigawiwa aliyapanga mafungu mawili kwa kidole, langu na lake, langu likiwa kubwa. "Kula, mwana wanje," aliniambia kwa Kiha, yaani mwanangu. "Mimi nina tumbo la zamani." Alishona ndala za watu kwa waya aliouokota. Hakulia. Kilichomsumbua ni kwamba hakujua nani amemtaja, kwa kuwa alikuwa hajagombana na mtu. Asubuhi walipomwita kwenye lori la kuvuka, alinishika mkono. "Ukirudi, mwambie mke wangu Devota asiuze pampu. Mwambie nitarudi kuitumia." Shangazi yangu alifika jioni hiyo na vyeti vyangu, nikatolewa. Yohana alikuwa ameshavushwa. Mpaka leo ninavyoandika haya hajarudi.

Niliporudi Kasulu, duka la Kibondo lilikuwa na mwenyewe. "Mwanangu," Mzee Hamisi aliniambia bila kuniangalia, "pango lilikuwa linakwenda, biashara haimngoji mtu. Gervas ameokoa jahazi." Nikasema sawa, Mzee. Nikarudi kwenye chumba kirefu nikala peke yangu juu ya boksi la sabufa. Sikuwa na hakika bado. Nilikuwa na harufu tu, kama unavyonusa waya unaoungua kabla hujaona moshi.

Hakika niliipata Kibondo kwenyewe. Nilitumwa kupeleka spika, nikampitia Devota sokoni, alikokuwa anauza migebuka, nikampa ujumbe wa pampu. Alinisikiliza, akafuta magamba ya samaki mikononi, akasema tu, "Ipo chini ya kitanda." Nikaenda kusubiri usafiri kwenye mgahawa mmoja wenye vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa mbao. Nikaagiza ndizi za kuchemsha na nyama ya mbuzi. Upande wa pili wa mbao walikuwapo wanaume wanakunywa, na mmoja wao alikuwa Gervas. Sauti ile ningeijua hata chini ya maji. Walikuwa wanamtania kuhusu ubosi wake mpya.

"Yule binti wa Kasulu?" alikuwa anasema. "Nilimkatia tiketi ya bure ya Burundi. Simu moja tu, basi. Alikuwa chini ya dashibodi kama panya, wakamvuta miguu." Wakacheka. Simu yangu ilikuwa mezani. Nilikuwa na kawaida ya kurekodi miluzi ya magari ili nikaisikilize nyumbani, kwa hiyo kidole changu kilibonyeza chenyewe kabla akili haijafika. Mwenzake mmoja alimwomba arudie hadithi, na Gervas, kwa furaha, akairudia yote. Akaongeza na chumvi. Kisha yule mwenzake akauliza, "Na mzee wa baiskeli je?"

"Yohana? Alikuwa amekalia kiwanja kizuri pale njia panda. Sasa kiwanja kinapumua." Nikasikia chupa inawekwa mezani. "Jamani, nani atauliza? Ukishasema fulani ni Mrundi, kazi yako imeisha. Ni yeye atakayehangaika kuthibitisha."

Nilimaliza ndizi zangu. Nataka hilo lijulikane. Nilimaliza ndizi, nikala nyama yote, nikanyonya mfupa, nikalipa, nikaondoka kwa mlango wa nyuma. Ndani ya basi la kurudi Kasulu nilijua kwamba sitakwenda kushtaki popote, maana mtu aliyeniita Mrundi aliaminiwa kwa simu moja, na mimi niliaminiwa kwa vyeti na shangazi na siku nyingi za maharage. Nilitaka asikiwe na watu, na sikutaka haraka. Kisasi nacho ni kazi ya waya. Ukiparamia unaunguza fyuzi. Nikaihamishia rekodi kwenye memori kadi, nikaifunga kwenye pindo la kitenge, nikawa natembea nayo kiunoni. Mwezi ukapita, na mwingine. Gervas alipofika Kasulu kuchukua mizigo nilimsalimia vizuri, nikamwambia, "Shikamoo, kaka," naye akaitikia, "Marahaba, dada'angu."

Mlango ulifunguliwa na Mzee Hamisi mwenyewe. Alinunua pikapu ya matangazo kwa ajili ya duka la Kibondo, Gervas akaifunga spika mbili za tarumbeta juu ya bodi na spika mbili kubwa nyuma. Ilipopita mitaani hakuna aliyeelewa neno. Mzee akanipigia. "Leokadia mwanangu, njoo Kibondo. Hili gari linanguruma kama tumbo la ng'ombe." Nilifika siku ya gulio. Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka, ng'ambo tu ya soko, na watu walikuwa wamejaa kutoka vijiji vyote na vitunguu vyao, maharage yao na mikungu ya ndizi. Nikafanya kazi kama nilivyofunzwa. Nilikwangua rangi nikaushikiza waya wa ethi kwenye chuma kitupu, mluzi ukafa. Nikatenganisha, tarumbeta zibebe maneno na spika kubwa zibebe besi. Nikashusha nguvu ya amplifaya, maana ilikuwa inapasua. Gervas alisimama mlangoni amekunja mikono. "Endelea kubembeleza vitufe," akasema. "Gari la matangazo ni kelele tu, siyo kwaya."

"Jaribu sasa," Mzee Hamisi akasema. "Weka ile sauti yangu."

Nikafungua pindo la kitenge, nikachomeka kadi.

Nimeseti magari mengi tangu siku hiyo, ya wafanyabiashara, ya makanisa, ya mashirika yanayokwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na sijawahi kupata sauti ya mtu iliyonyooka kama ile. Kila herufi ilitoka nzima. "Nilimkatia tiketi ya bure ya Burundi," Gervas akaliambia soko la Kibondo. Mwanzoni watu walicheka, wakidhani ni igizo la tangazo. Kisha kicheko kikaanza kufia pembeni, kwa wauza vitunguu, kikaja kikifa mpaka katikati. Mwaka ule katika soko lile hapakuwa na ukoo usiokuwa na mtu aliyechukuliwa au aliyelala porini akiogopa kuchukuliwa. "Sasa kiwanja kinapumua." Gervas alirukia mlango wa pikapu ang'oe nyaya, na kijana mmoja mbeba mizigo akamshika kola. Nikaiacha iende mpaka mwisho.

Devota alikuja akipasua watu, magamba yanameta mpaka viwikoni. Alisimama chini ya tarumbeta, akainua uso. "Rudia hapo," akasema.

"Wapi, mama?"

"Anapomtaja Yohana."

Nikarudisha. Alisikiliza ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango uliogongwa. Ilipokwisha alimgeukia Gervas. Hakupaza sauti, lakini hata waliokuwa mbali walimsikia. "Gervas," alisema, "jana nimekuuzia samaki. Nikakuongezea mmoja."

Hapo ndipo jiwe la kwanza lilipotua. Likapasua taa ya pikapu. La pili likampata Gervas begani, na watu wakasogea kama ukuta unaotembea, na mtu akaita mafuta ya taa yaletwe. Nilimwona Gervas akinitafuta kwa macho kati ya vichwa vyote vile, kama mimi nilivyomtafuta siku ile mlangoni. Nikafungua mlango wa pikapu. Akajitupa ndani, nikaingia juu yake, nikafunga. Mzee Hamisi alikuwa ameshakaa kwenye usukani, anasoma dua na kutafuta gia kwa wakati mmoja. Tuliondoka watu wakipiga bodi la gari kwa ngumi.

Gervas alikuwa ameshika bega, shati limeloa damu. "Leokadia," alisema, "umeniokoa."

"Sijakuokoa," nikamwambia. "Ukifa leo utahurumiwa. Nakutaka uzeeke."

Kisha nikanyoosha mkono nikawasha tena, ndani na nje, taratibu, kiasi cha mazungumzo. Njia nzima ya kwenda polisi Gervas alisafiri kati yetu akijisikiliza anavyocheka. Mzee Hamisi akanung'unika, "Astaghfirullah, mwanangu, zima hiyo."

"Bado naseti, Mzee," nikasema.

Walimhifadhi siku chache kwa usalama wake, wakamwachia. Kesi haikuwapo, kumtaja mtu kwa simu hakukuwa kosa. Mzee Hamisi alinikabidhi funguo za duka la Kibondo bila hotuba, na kabla sijafungua siku ya kwanza nilimpelekea Devota kiti akauzie samaki wake barazani kwangu, kwenye kivuli. Mngedhani yangeishia hapo. Wengi walitaka yaishie hapo. Lakini Gervas alifungua kibanda Kakonko, nami nikapata habari, nikaenda na simu yangu kunywa chai stendi ya Kakonko. Wakati ule watu walirushiana vitu kwa bluutuuth. Niliwarushia wawili ile rekodi, hao wakarusha kwa wengine, nikapanda gari nikarudi. Kibanda hakikumaliza msimu wa mvua. Akaajiriwa kwingine; nikafika na huko. Padri aliniita akaniambia kisasi ni cha Mungu, nikamjibu kwamba sijamnyang'anya, ninamsaidia kubeba. Alicheka bila kutaka, akanifukuza ofisini.

Aliyenisimamisha ni Editha. Alikuja dukani wakati wa kuvuna maharage, miguu ina vumbi la Heru Juu, hakukubali kukaa. "Tumerudi kulima muhogo," alisema. "Hagusi tena waya. Lakini watoto shuleni wanaitwa Tiketi. Wa kike ana miaka saba." Nilimtengenezea chai. Alikuwa mwanamke mwenye uso mkavu, hakuja kulia, na kwa sababu hakulia nilimheshimu. Nikamwambia, "Watoto nitawatetea. Baba yao hapana." Nilikwenda ile shule mwenyewe, nikasimama mbele ya mstari wa asubuhi, nikasema kwamba yeyote atakayemwita mwenzake Tiketi aje aniite mimi, maana mimi ndiye niliyekatiwa. Ikakoma. Kadi sikuitoa tena. Hapakuwa na haja; alikuwa na miaka kumi ya kupita njiani na kusalimiwa nusu nusu.

Jana basi nilikwenda kumzika. Ua wao ulikuwa umefagiliwa, wanawake wanapika nyuma ya nyumba, na nilipoingia maneno yalikatika kidogo kisha yakaendelea. Nikapewa kiti, nikapewa sahani. Vijana wa kanisa walikuwa wameleta spika mbili na kipaza sauti, na walikuwa wameziweka zikitazamana na maiki. Kila aliyesimama kumsifu marehemu, spika zilipiga filimbi ya kutoboa sikio. Mwenyekiti wa kitongoji alisema Gervas alikuwa mtu wa fiii. Ndugu yake akasema hatutamsahau kwa fiii yake. Watu wakaanza kugeuza shingo, mmoja mmoja, wakinitazama mimi. Wote walijua kazi yangu. Kitufe chenyewe nilikuwa nakiona kutoka pale nilipokaa. Nikaendelea na wali wangu.

Kisha wakamwita Editha. Alisimama, akashika maiki kwa mikono miwili, akafungua kinywa, na filimbi ikamkatiza. Akajaribu tena, ikamkatiza. Niliweka sahani chini. Nikaenda, nikazisogeza spika zitazame watu, nikapunguza kitufe kidogo, nikamwonyesha kwa kichwa kwamba aseme.

"Hapa kuna watu mume wangu aliwakosea," Editha alisema, na kila mtu mpaka jikoni alimsikia. "Sitawaombeni msamaha kwa niaba yake. Hakunituma. Nawashukuru mliokuja na hasira zenu, maana njia ni ndefu." Akashusha maiki. Akarudi mkekani kwa watoto wake, ambao sasa ni vijana wakubwa.

Kaka mkubwa wa marehemu akainuka, akakohoa, akafungua karatasi ya kumsifu. Nilikuwa bado nimesimama kando ya spika. Nikazigeuza zilivyokuwa, nikarudisha kitufe palepale nilipokikuta, nikaenda kukaa.